Megawati za Rufiji, Mkaa wa Kimara

Jirani yangu hapa Kimara Baruti ni mama lishe. Ana majiko matatu ya mkaa, sufuria kubwa ya maharage na balbu moja inayoning'inia kwenye waya chini ya bati. Mwezi uliopita nilipita kwake saa kumi na moja alfajiri nikielekea kituo cha mwendokasi, nikamkuta akipepea mkaa huku simu yake imewashwa tochi na kuegeshwa kwenye kopo la chumvi. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa mbili usiku. Tulisalimiana, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hivi ule umeme wa Rufiji si wamesema umekamilika? Mbona huku haujafika?"

Kwa kawaida huwa na jibu la kila swali la namna hiyo. Ni maradhi ya kazi yangu. Nilianza kumweleza habari za transfoma na mtandao wa usambazaji. Alinisikiliza kwa adabu hadi nikanyamaza, akasema, "Basi wauvute na huku," akarudi kwenye mkaa wake. Ndani ya basi niliona aibu kidogo, kwa sababu nilimjibu kama fundi wakati yeye aliuliza swali la kisiasa. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa.

Nitangulie kukiri jambo moja ili nisije nikasomwa vibaya. Mkataba wa kujenga bwawa la Rufiji uliposainiwa Desemba 2018, nilikuwa miongoni mwa waliokuwa na mashaka. Nililihofia Pori la Selous, ambalo ni urithi wa dunia, na nilizihofia trilioni zaidi ya sita za shilingi zilizokuwa zikiwekwa katika kapu moja. Mashaka hayo sikuyaacha yote. Lakini bwawa limejengwa. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024, na mwaka 2025 mtambo wa tisa nao ulikamilika. Kuendelea kubishana na zege lililokwisha kukauka ni utoto. Taifa maskini limejenga kwa fedha zake bwawa lililozungumzwa tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na anayeona hilo ni jambo dogo hajui tulikotoka. Ugomvi wangu hauko Rufiji. Uko katika kilomita zilizobaki kutoka Rufiji hadi kwenye sufuria ya jirani yangu.

Tuanze mbali kidogo. Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu (IRENA), mwaka 2024 pekee dunia iliongeza mitambo ya nishati jadidifu yenye uwezo wa gigawati 585, na jumla ikafika gigawati 4,448. Zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wote mpya wa kuzalisha umeme uliojengwa duniani mwaka huo ulitokana na jua, upepo, maji na vyanzo vya aina hiyo, na jua peke yake lilichukua zaidi ya robo tatu ya ongezeko hilo. Tuzipime namba hizo kwa kipimo cha nyumbani. Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Dunia, basi, ilijenga zaidi ya mabwawa 270 ya ukubwa huo ndani ya miezi kumi na miwili, na sehemu kubwa ya hayo hayakuwa mabwawa hata kidogo. Yalikuwa ni paneli zilizotandazwa juu ya mapaa, mashamba na majangwa, nyingi zikiwa nchini China. Sehemu ya Afrika katika ongezeko hilo haikufika hata asilimia moja.

Takwimu hiyo ya mwisho hutumika sana kwenye mikutano ya kimataifa, na kila mara huifuata kauli kwamba Afrika inahitaji fedha. Ni kweli inahitaji. Januari 2025 wakuu wa nchi walikusanyika hapa hapa Dar es Salaam, katika ukumbi wa Julius Nyerere, wakaahidi kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Siku hizo barabara za katikati ya mji zilifungwa na sisi wa Kimara tulifika kazini kwa kudra za Mwenyezi Mungu, lakini hilo tuliache. Ninachotaka kusema ni kwamba nchi yetu leo si mfano mzuri wa bara lisilo na umeme. Ni mfano wa jambo geni zaidi: nchi yenye umeme mwingi na watu wasioutumia.

Watanzania tumejifunza kuhesabu megawati kama wafugaji wanavyohesabu ng'ombe, yaani kwa fahari, bila kuuliza nani anakunywa maziwa. Uwezo wa mitambo yote iliyounganishwa na gridi ya Taifa umefika takriban megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu kabisa mwanzoni mwa mwaka 2025 yalikuwa kama megawati 1,900. Na si jambo la kwenye karatasi tu. Mwaka 2024, mvua kubwa zilipoyajaza mabwawa, TANESCO ilizima kwa muda vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu uzalishaji ulizidi mahitaji. Msomaji akumbuke kwamba miezi michache tu kabla ya hapo nchi ilikuwa katika mgawo wa umeme. Tulitoka kwenye njaa hadi kwenye kumwaga chakula bila kupita katikati, mahali ambapo mtu hula akashiba.

Hoja yangu ni hii: tumeshinda vita ya uzalishaji, tukaitangaza kuwa ndiyo vita yote. Umeme wa Rufiji husafiri kwa njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze, kiasi cha kilomita 160, kisha huingia katika mtandao unaouleta Dar es Salaam. Hadi hapo kila kitu ni kikubwa na kinapigwa picha vizuri. Baada ya hapo huanza safari ya vituo vya kupozea umeme, laini za mitaani, nguzo zilizoinama na transfoma iliyofungwa enzi ambazo mtaa ulikuwa na nyumba arobaini. Nilipohamia Kimara, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kutoka kwangu hadi barabara ya Morogoro nilipita kwenye mashamba ya mihogo. Leo kuna nyumba mgongo kwa mgongo hadi mabondeni, kila nyumba ina friji na pasi, na kati yake kuna saluni, mashine za kusaga na mafundi wa kuchomelea mageti. Hakuna kiongozi aliyewahi kukata utepe wa transfoma ya Kimara. Transfoma haina maporomoko ya maji. Ndiyo maana inasubiri.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa mkoani Kilimanjaro, alieleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa umeme unaozalishwa huku kusini na mashariki hupotea njiani kabla ya kufika huko. Mitandaoni alishambuliwa sana. Watu waliuliza, kwa haki kabisa, bwawa lilijengwa la nini. Mimi sikuungana na waliomcheka, maana kiufundi maelezo yale yana mantiki: nchi nyingi zenye umeme wa kutosha hununua na kuuziana mipakani, na sisi tumeunganishwa na Kenya kwa njia ya kilovolti 400 kwa makusudi hayo. Lakini kauli ile ilikuwa pia ungamo. Ilikiri kwamba megawati iliyoko Rufiji na megawati iliyoko Arusha si kitu kimoja, na kwamba umbali kati ya mtambo na mtumiaji ni gharama halisi. Tukikubali hilo kwa Arusha, tulikubali pia kwa ujumla wake: nchi hii inahitaji vyanzo vilivyotawanyika, karibu na watu, badala ya kisima kimoja kikubwa ambacho kila mtu anakivutia kamba.

Na jua limetawanyika bila kuombwa. Kishapu, mkoani Shinyanga, kuna mradi wa umeme wa jua wa megawati 150 ambao awamu yake ya kwanza ni megawati 50. Mufindi kuna mitambo mitatu ya upepo ya Mwenga, megawati 2.4, midogo lakini inazunguka. Upepo wa Singida tumeusikia katika hotuba tangu nikiwa kijana, na hadi leo unavuma bure. Wenzetu wa Kenya walijenga mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye megawati 310, kisha ikakaa bila kazi zaidi ya mwaka mzima kwa sababu njia ya kusafirisha umeme ilikuwa haijakamilika, na mlipa kodi akabebeshwa fidia. Hata huko, basi, waya ulikuja nyuma ya mtambo. Ni ugonjwa wa majirani, si wetu pekee.

Upo pia upande wa usalama, ambao hausemwi kwa sauti kwa sababu unaonekana kama kumtabiria mwenzako msiba. Maji ni nishati jadidifu, lakini hujijadidi kwa ratiba ya mvua, si ya Wizara. Mwaka 2006 ukame uliikausha Mtera, nchi ikaingia gizani, na katika haraka ya kutafuta mitambo ya dharura ukazaliwa mkataba wa Richmond, uliomwondoa Waziri Mkuu madarakani Februari 2008. Mwaka 2022 na 2023 mgawo ulirudi, na ukame ulikuwa tena miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mto Ruaha Mkuu, unaolisha Mtera na kuishia Rufiji, umekuwa ukikauka sehemu zinazopita katika Hifadhi ya Ruaha kila kiangazi tangu mwaka 1993. Ndugu zetu wa Zanzibar hawahitaji kufundishwa maana ya kutegemea njia moja: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme kwa sababu ya hitilafu katika mfumo wa waya uliopita baharini. Hoteli ziliwasha jenereta. Wasio na jenereta walichota maji visimani, kwa kuwa pampu nazo zilikuwa zimenyamaza.

Sasa nirudi kwenye sufuria, maana hapo ndipo ninapoona jambo kubwa linapotupita.

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni mkakati wenye nia njema, na mtu yeyote aliyewahi kumsikia mama akikohoa jikoni hawezi kuupuuza. Lakini tazama unavyoonekana mtaani: unaonekana kama mtungi wa gesi. Mitungi inagawiwa kwenye mikutano, inauzwa kwa ruzuku, inapigwa picha mikononi mwa kina mama. Gesi hiyo ya mitungi tunaiagiza kutoka nje kwa fedha za kigeni. Ni safi kuliko mkaa, sibishi. Ila si jadidifu wala si yetu. Na mtungi wa kilo sita ukiisha, yule mama aliyepigwa picha hukuta kuujaza kunahitaji fedha nyingi kwa mkupuo, ilhali mkaa unanunulika kwa kopo. Mtungi unageuka kigoda. Nimeukalia mmoja mwenyewe, kwa jirani yangu, nikisubiri chapati.

Wakati huohuo tuna mitambo inayozimwa kwa kukosa wateja! Mteja gani mkubwa zaidi atafutwe kuliko jiko la Mtanzania, linalowaka kila siku, mara mbili au tatu, katika kila nyumba? Nimelijaribu jambo hili nyumbani. Nilipika nusu kilo ya maharage katika jiko la presha la umeme huku nikiitazama mita. Hayakumaliza nusu yuniti. Kwa bei ya yuniti ya matumizi ya kawaida, ambayo pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356, maharage yale yaliiva kwa chini ya shilingi 180. Kopo la mkaa halijaonana na bei hiyo miaka mingi.

Kwa nini basi watu hawapiki kwa umeme? Sababu moja ni woga wa kukatika, na hiyo nimekwisha kuieleza. Ya pili ni bei ya jiko lenyewe. Ya tatu imefichwa ndani ya bei za umeme, na ni hiyo inayonikasirisha. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, yule wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidishe yuniti 75 kwa mwezi. Kila yuniti inayozidi hapo hulipiwa shilingi 350. Ni mara tatu na nusu. Sasa fikiria kaya ya kawaida inayotumia yuniti 50 kwa taa, televisheni na friji ndogo. Ikianza kupika kwa umeme na kutumia yuniti mbili tu kwa siku, inaongeza 60 kwa mwezi na kuruka ukuta. Maskini tumemwekea bei ya huruma kwa sharti kwamba aendelee kupika kwa mkaa. Aliyepanga bei hizo hakuwa na nia mbaya. Mwaka 2016 umeme ulikuwa adimu na ilikuwa busara kumzuia mtu asitumie. Leo umeme upo, na ukuta bado umesimama palepale.

Kurekebisha jambo hili hakuhitaji mkandarasi kutoka nje ya nchi. Kunahitaji amri ya bei: yuniti za kupikia ziongezwe juu ya zile 75, au ukomo upandishwe kwa kaya zilizothibitika kuwa na jiko la umeme. Kuhusu bei ya jiko, tunao mfumo wa LUKU unaoweza kukata fedha kidogo kidogo kwa umahiri mkubwa. Tangu Agosti 2021 umetumika kukusanya kodi ya majengo, hata kutoka kwa mpangaji asiyemiliki tofali. Chombo kinachoweza kumkata mpangaji kodi ya jengo la mwingine kinaweza kumkopesha jiko. Mpango wa aina hiyo usiishie kwenye majaribio na mabanda ya Sabasaba.

Wapo watakaoniambia kwamba kundi la D1 likipanuliwa TANESCO itapata hasara. Mwenzangu mmoja chuoni, mhandisi, aliniambia hivyo hivyo tukiwa kwenye chai, na hoja yake si ya kudharauliwa. Shirika lina madeni na nguzo hazinunuliwi kwa huruma. Nilimuuliza swali moja: yuniti ambayo haikuzalishwa kwa sababu mtambo ulizimwa inauzwa shilingi ngapi? Alicheka, akasema si rahisi hivyo, kwamba laini za mitaani zingeelemewa saa moja jioni watu wote wakiinjika kwa pamoja. Yuko sahihi. Ndiyo sababu nilianza na transfoma.

Nimalizie na mapaa, maana huko ndiko hatari mpya inakotokea. Pakistan, mwaka 2024, iliingiza paneli za jua zenye uwezo wa takriban gigawati 17, karibu mabwawa manane ya Nyerere, na hazikununuliwa na serikali. Zilinunuliwa na wenye viwanda, wakulima na wenye nyumba waliochoshwa na bei za gridi. Ni habari ya kusisimua, hadi unapouliza nani alibaki. Wenye uwezo walijitoa, na gharama za gridi zikawaelemea zaidi wasio na paa la kuwekea paneli. Afrika Kusini nako, miaka ya mgawo mkali, paneli zilienea haraka katika vitongoji vya wenye nacho, na mwaka 2023 serikali yao ikawapa walipa kodi nafuu kwa kila paneli mpya. Mlipa kodi wa mapato ana paa. Mpangaji wa chumba kimoja hana.

Nayaona mambo hayo yakianza hapa kwetu. Panda kilimani Kimara, kuanzia Stop Over hadi Temboni, umeme ukiwa umekatika usiku, utahesabu nyumba zinazowaka bila kelele za jenereta. Ni za watu kama mimi. Ndiyo, na mimi ninazo paneli nne, inveta na betri, na usiku ule jirani yangu alipokuwa akitumia tochi ya simu mimi nilikuwa nikisahihisha mitihani chini ya taa. Ni lazima niseme hivyo kwa sababu mwenye paneli nne juu ya bati hawezi kuandika kuhusu nishati kana kwamba anaitazama kutoka angani. Kila mmoja wetu anayejiokoa hupunguza sauti moja katika kelele za kudai transfoma. Sisi ndio tunaojua namba za simu za wakubwa, sisi ndio tunaoandika barua zinazosomwa. Tukishajitosheleza, mtaa utabaki na watu ambao malalamiko yao huishia kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Sidai watu wazishushe paneli zao. Nadai kwamba sheria na bei ziziunganishe paneli hizo na mtaa: mchana, wakati mimi niko chuoni na betri yangu imejaa, umeme unaobaki juu ya bati langu uingie kwenye laini na kumfikia mwingine, nami nilipwe kwa yuniti zangu za usiku. Mambo hayo yanafanyika kwingine duniani na mita zake zipo. Shule ya msingi ya mtaa, zahanati, ofisi ya serikali ya mtaa na soko vina mapaa makubwa kuliko langu. Vikiwekewa paneli na betri za umma, mtaa utakuwa na mahali pa kuchaji simu, kuhifadhi chanjo na kusomea usiku bila kuomba hisani ya mwalimu mwenye inveta.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea jirani yangu lile jiko la presha alijaribu. Alilizungusha, akalisifu mfuniko, akapika maharage ya mchana, akakubali kwamba yameiva upesi na hayanuki moshi. Tulikokotoa pamoja na akaona hesabu inamlipa. Nikamwambia akae nalo hadi mwisho wa mwezi.

"Sawa, Mwalimu," alisema. "Ila mkaa siuachi. Umeme ukikatika saa tano, hawa wateja wangu wa saa saba niwaambie nini?"

Jiko lipo kwake, juu ya kabati, limefunikwa kitambaa. Jana nilipita tena alfajiri. Umeme ulikuwepo, balbu inawaka chini ya bati, na majiko yote matatu ya mkaa yalikuwa yamekolea.